Misheni: nani kamtuma nani?

NENO NA MTAA, na Lusekelo Simbeye

Mgonjwa wa wilayani Mbozi akisema anakwenda Misheni, hakuna atakayemuuliza misheni ipi. Ni Mbozi Mission, kituo cha Wamoraviani chenye kanisa na hospitali. Lakini kijana wa Tunduma akiaga kwamba ana misheni mjini, mama yake ana kila sababu ya kuuliza ni ipi, na nani, na atarudi saa ngapi.

Neno ni hilo hilo. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini mittere, yaani kutuma au kuachilia, na ukoo wake ni mkubwa. Kombora, ambalo Waingereza huliita missile, ni kitu kilichorushwa. Hata misa inatokana na kauli ya Kilatini ya kuwaruhusu waumini waondoke ibada inapokwisha. Maneno ya kuaga yakageuka jina la ibada nzima.

Sura yake ya kidini ilikuzwa na Wajesuti, shirika lililoidhinishwa na Papa mwaka 1540, ambao waliweka nadhiri ya kwenda popote Papa atakapowatuma. Tangu hapo maana ikawa inahama: kutoka tendo la kutuma, ikawa watu waliotumwa, kisha mahali walipofikia.

Mbozi imepitia hatua zote hizo. Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walituma wamisionari wao wa kwanza mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibiani. Mwaka 1891 wakaanza kazi Rungwe, baadaye wakafika kwa Wanyiha, wenyeji wa Mbozi. Mmisionari Traugott Bachmann aliishi Mbozi hadi Vita Kuu ya Kwanza, na Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kinyiha likachapishwa mwaka 1913. Wajerumani waliondoka, jina likabaki ardhini.

Mombasa maana ilihama tena, kutoka mahali kwenda kwa wakazi. Waliolelewa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na Waanglikana miaka ya 1870, waliitwa Wamisheni.

Wanajeshi na wanadiplomasia nao wana yao. Askari wa Tanzania waliokwenda mashariki mwa Kongo walihudumu chini ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, na herufi M ya mwanzo ni neno hili hili.

Mjini ndiko lilikopinduka. Mtu wa mishentauni hana mwajiri wala ofisi. Anaishi kwa dili, leo simu, kesho kiwanja cha mtu. Ukimuuliza nani kamtuma, jibu la kweli ni njaa.

Ofisi za umma, kwa upande wao, hubandika ukutani "Dira" na "Dhima". Dhima ni tafsiri nzuri ya misheni, kwa kuwa inabeba wajibu. Ila mtumaji hatajwi. Wamisionari wa Kimoraviani waliandika taarifa na kuzipeleka kwa waliowatuma. Huko ndiko kutumwa kwenyewe. Halmashauri hutumwa na wananchi, lakini bango lake huanza na kuishia kwa halmashauri yenyewe. Likiongezewa mistari miwili tu, mmoja wa aliyetuma na mwingine wa tarehe ya kumpa taarifa, mkulima wa kahawa anayesubiri kwenye benchi atajua amuulize nani, na lini.