Bibi zetu nao wapewe jukwaa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kyela

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Kyela.

Nakala: Makumbusho ya Taifa la Tanzania, Dar es Salaam.

YAH: MAIGIZO YA MTU MMOJA KUHUSU WANAWAKE WA HISTORIA YETU

Ndugu Mkurugenzi,



Tangu Januari 2024 shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtoto wa hapa Kasumulu, mpakani na Malawi, atafundishwa habari za Mkwawa, Kinjekitile na Mwalimu Nyerere. Akibahatika, atasikia pia habari za Bibi Titi Mohamed. Lakini mwanamke wa kawaida aliyeishi ukanda huu wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, enzi za misafara ya watumwa, atamjulia wapi?

Si kwamba habari zake hazipo. Mjane mmoja aliyeitwa Narwimba alisimulia maisha yake, na mmisionari wa Moravian, Elise Kootz-Kretschmer, akayaandika kwa Kijerumani. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyatoa tena kwa Kiingereza katika kitabu chake, pamoja na maisha ya Chisi na Meli, waliotekwa wakiwa watoto. Mumewe Sambi alipofariki, Narwimba alimwendea mwenyewe Mirambo, jamaa wa marehemu (si yule mtemi wa Unyamwezi), akamwomba amwoe ili apate wa kumlinda. Siku zile mjane asiye na mtu wa kumsemea aliweza kuuzwa. Uamuzi ule wa mama mmoja unaeleza biashara ya watumwa kuliko tarehe kumi za kukariri. Tatizo ni kwamba umefungiwa katika lugha mbili ambazo bibi zetu hawakuzisema.

Ombi langu ni hili: Halmashauri imlipe mwigizaji mmoja, mwanamke wa hapa, avae kama Narwimba, asimame mbele ya wanafunzi na watu wa sokoni, na aseme “mimi”. Asiwe na kundi, mitambo wala pazia. Amebeba kapu na kigoda, anapanda bodaboda, anafika shule ya msingi yoyote wilayani.

Wapo watakaosema mtu mmoja hatoshi kuonyesha maisha ya zamani. Nawapa mfano. Katika mila ya Wanyakyusa, mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake wala kutamka jina lake, hata neno linalofanana nalo alilikwepa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti kwetu pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliyaandika hayo kwa kirefu. Sasa mwone mwigizaji yuko njiani na mzigo kichwani. Ghafla anasikia kikohozi, anatoka njiani, anageuza uso na kuinama mpaka nyayo zipite. Anarudi, anataka kutusimulia aliyepita ni nani, anafika kwenye jina, anameza mate na kuzungukia neno lingine. Baba mkwe hatukumwona, na hatukuhitaji kumwona. Binti wa darasa la sita ameshaelewa adabu ile ilivyokuwa na uzito wake, na akifika nyumbani atamuuliza bibi yake iliishia wapi.

Wenzetu wameshaanza. Nairobi, mwaka 2018, onyesho la Too Early for Birds lilitenga toleo zima kwa wanawake wa Kenya waliothubutu, na watu walijaza ukumbi kusikiliza historia. Songea, kila Februari, wanawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, na Mkomanile, mwanamke, anatajwa kati yao. Marekani kuna desturi iitwayo Chautauqua: msanii anaongea kama mtu wa kale, anajibu maswali akiwa bado ni mtu huyo, kisha anavua uhusika na kujibu kama yeye mwenyewe aliyesoma na kutafiti.

Sehemu hiyo ya tatu ndiyo ninayoitaka zaidi, maana sanaa hii ina hatari yake. Mwigizaji hodari anaweza kututia uongo tukaupigia makofi. Kwa hiyo awepo wa kumkagua: mwalimu wa historia pamoja na wazee, hasa akina mama. Mwishoni msanii aseme wazi lipi limeandikwa, lipi limesimuliwa na lipi amelijazia mwenyewe. Kwa mfano, akiigiza mfinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, anayejenga chungu kwa mkono bila gurudumu, na hana jina la mtu mmoja kwenye kumbukumbu, atamke kwamba huyu ameundwa kutokana na simulizi za wengi. Wafinyanzi wenyewe bado wapo na vyungu vyao vinafika soko la Matema. Waulizwe kabla ya kuigizwa, na walipwe muda wao.

Najua utaniambia kuna madawati, zahanati na barabara. Ni kweli, nami sitaki hata shilingi moja itoke huko. Posho ya msanii mmoja, nauli yake na tafsiri ya kurasa chache haviwezi kushindana na kujenga darasa. Makumbusho ya Taifa wasaidie kupata maandiko hayo na kuyaleta kwa Kiswahili, na ofisi ya utamaduni wilayani itafute msanii. Aigize kwa Kiswahili, na panapohitajika kwa Kinyakyusa. Ng’ambo ya mto Songwe wanasema Kyangonde na tunaelewana nao, hivyo akina mama wa Malawi wanaovuka na bidhaa zao watasikiliza bila mkalimani. Njia zile za misafara hazikuujua mpaka huu.

Naomba tuanze na mhusika mmoja, Narwimba, kwa muhula mmoja, katika shule tano na siku moja ya soko hapa Kasumulu. Baada ya hapo walimu waulizwe wanafunzi wamebaki na nini. Ikionekana hawakubaki na kitu, mradi ufungwe, nami sitaandika tena. Wakionekana wanauliza maswali ambayo kitabu hakina majibu yake, basi Halmashauri iutengee mradi huu fungu kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kasumulu