MBA: Kabla ya kulipa karo, uliza watu humaliza lini

Ukiwa Burnt Forest na unawaza kusomea MBA, barabara inakuvuta pande mbili. Panda matatu ya Eldoret, utafika Chuo Kikuu cha Moi, chenye shule ya biashara katika bewa la Annex. Geukia Nairobi, zaidi ya kilomita 250, uyakute majina kama Strathmore na USIU.

Wengi hulinganisha jina na karo tu. Hapo ndipo hesabu huharibika. Septemba 2024 wahadhiri wa Moi waligoma wakidai malipo yao, na Oktoba chuo kikafungwa. Septemba 2025 mgomo ukakumba vyuo vikuu vya umma kote nchini. Karo nafuu haisaidii sana muhula ukipotea, hasa kama unajilipia kwa mshahara au mauzo ya viazi na maziwa.

Lakini usikimbilie Nairobi pia. Jumlisha kodi ya nyumba, nauli na kazi utakayoacha. Huenda zikaipita karo yenyewe.

Basi fanya hivi: tafuta wawili watatu waliosoma pale unapolenga. Waulize masomo ya darasani yaliisha lini, msimamizi alikaa na mradi wao muda gani, na walihitimu baada ya miaka mingapi. Hakikisha pia kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Shule inayokufaa ni ile utakayoimaliza, na kazi yako bado unayo.