SKIDA CHAKAVU? HEBU MUULIZE NG'OMBE KWANZA!

  Wiki hii sina mapenzi wala mitindo ya nywele. Naongelea chuma. Tena chuma chakavu!

Maana kuna dili jipya limetua vijiweni. Kijana akivuna pamba yake, akishika mshiko kidogo, zamani alikimbilia baiskeli, redio kubwa au bodaboda. Siku hizi kuna waliochangamka zaidi. Wanataka skida. Eti wanunue skida iliyotumika, waingie kwenye biashara ya magogo na mbao, halafu wawe wanahesabu noti kivulini.

Kwa asiyeijua, skida ni trekta la kukokota magogo. Lina matairi manne makubwa kama nyumba ya kuku na linajikunja katikati kama nyoka ili lipite kati ya miti. Mbele lina bamba la kusukumia, nyuma lina winchi yenye waya wa chuma. Mti ukishaangushwa, gogo linafungwa mnyororo, winchi inalivuta na kuliinua kichwa, mkia unaburuzwa chini hadi barabarani lilipo lori. Nyingine badala ya waya zina kucha kubwa za kukamatia. John Deere walianza kuuza zao, ile 440, katikati ya miaka ya 1960. Timberjack walitokea Woodstock, Kanada, na mwaka 2000 wakanunuliwa na hao hao John Deere. Kwa hiyo ukiambiwa "chakavu", ujue inaweza kuwa imemzidi umri baba yako mdogo.

Sasa mmojawapo wa wagonjwa wa skida ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alinifuata akiwa na simu mkononi, picha kibao. Dalali fulani kamtumia. Skida imepakwa rangi ya njano mpyaaa, inang'aa kama bibi harusi.

"Mjomba, hii siyo mashine. Hii ni benki yenye magurudumu."

"Benki hiyo umeiona kwa macho?"

"Picha si hizi hapa, Mjomba!"

"Inaunguruma?"

"Dalali anasema inaunguruma."

Nikamuuliza hela zinatoka wapi. Akainama. Kumbe hesabu yake ni zizi la mama yake. Ng'ombe 18. Sita kati ya hao ni mahari ya dada yake, na wanajulikana wanaenda wapi. Hao ndio watakaomwolea mdogo wake. Wengine ndio ada, ndio dawa, ndio njaa ya mwaka mbaya. Msukuma haweki ng'ombe zizini kwa urembo, jamani.

Dada yangu alikuwa anapepeta mtama, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Ng'ombe akifa tunakula nyama. Hilo lidude likifa tutakula nini?"

Kimya. Hata mimi nilikosa la kuongeza.

Lakini kijana tusimzime tu kwa sababu ni kijana. Tupige hesabu naye.

Swali la kwanza: magogo yenyewe yako wapi? Zunguka Simiyu nzima unionyeshe msitu wa kulisha skida. Utaona migunga, mikwaju, mibuyu, mijohoro ya kupanda na mikaratusi kando ya nyumba. Nchi hii ilifyekwa. Enzi za mkoloni vichaka vilikatwa ili kumfukuza mbung'o. Yule Mwingereza aliyeongoza utafiti wa mbung'o pale Shinyanga, Charles Swynnerton, alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938 akiwa bado kwenye vita hiyo hiyo. Pamba nayo ikadai mashamba, mifugo ikadai malisho, jiko likadai kuni. Ikafika mahali Shinyanga ya zamani, tuliyokuwa ndani yake kabla mkoa wa Simiyu haujazaliwa mwaka 2012, ikaanza kuitwa jangwa.

Ndipo mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Na dawa yake ilikuwa nini? Ngitili za mababu! Unatenga eneo, ng'ombe hawaingii wakati wa mvua, majani na miti vinarudi, kiangazi mnafungulia. Vijiji vikafanya, miti ikarudi, na mwaka 2002 kazi ile ikapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Sasa wewe uingize skida kwenye ngitili ya babu? Wazee watakufukuza na fimbo, na mimi nitawashikia kanzu zao wakukimbize vizuri.

Kwa hiyo magogo ya skida yako mbali. Kuna shamba la miti la Rubya kule Ukerewe (utavuka ziwa na lidude lako?), kuna Buhindi upande wa Sengerema na Buchosa, na kuna baba lao, Sao Hill pale Mufindi. Mpwa wangu akaruka: "Ndiyo hapo, Mjomba! Nitaipeleka Mafinga, niikodishe kwa wenye mashine za mbao."

Haya, sasa kaongea kitu. Ila skida haitembei barabarani kama basi. Inapandishwa kwenye lowbed, na lowbed haibebi kwa salamu. Ikifika inataka dizeli, dereva anayeijua, wafunga minyororo na fundi. Mvua kubwa ikinyesha, kazi inasimama. Wakati huo mwenye mashine yuko Bariadi anasubiri meseji ya pesa. Utaambiwa imeharibika hata siku inayofanya kazi!

Na msidhani ugonjwa wa chuma chakavu ni mpya hapa nchini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mradi wa karanga pale Kongwa. Walitaka kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, basi wakanunua yaliyotumika, mengine mabaki ya jeshi yaliyotoka Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta! Kufika Kongwa, mibuyu ikagoma, ardhi ikakauka ikawa kama saruji, na ndani ya miezi michache sehemu kubwa ya yale machuma ilikuwa imekaa chini ikisubiri vipuri. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na hasara ilitajwa kuwa kama pauni milioni 36. Hiyo ni serikali nzima, yenye hazina na mainjinia. Wewe una ng'ombe 18.

Ila kama bado unataka, basi usiende kienyeji. Nimekaa na mafundi wa mitambo wazito, wakanipa darasa. Kata ukurasa huu, uweke mfukoni.

Moja, nenda mwenyewe na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Fika asubuhi bila kupiga hodi ya simu. Gusa injini. Ikiwa ya moto, ujue imeamshwa kabla yako ili isikuaibishe. Injini nzima huwaka ikiwa baridi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Ikipumua moshi kwa nguvu kama treni, pistoni na ringi zimechoka. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ondoka.

Mbili, angalia pale inapojikunja. Hapo kati kuna pini na bushi, na ndipo mzigo wote unapoumia. Mwambie dereva akate kona kushoto na kulia taratibu, wewe ukiwa umesimama pembeni, mbali na matairi. Ukiona vyuma vinacheza kabla mwili haujageuka, bushi zimekwisha, na huenda matundu yenyewe yameshatanuka. Hiyo siyo kazi ya nyundo, ni kazi ya karakana yenye mashine ya kuchonga.

Tatu, rangi mpya ni adui yako. Chini ya rangi mpya ndiko wanakojificha nyufa na welding. Kwangua kwa sarafu kwenye fremu na kwenye mhimili wa winchi.

Nne, usikubali kuoneshwa ikizunguka uwanjani kama mwali. Funga gogo la kweli, panda nalo mlima, simama katikati. Winchi ikiachia, breki imekufa. Rudi nyuma, nenda mbele, gia zikiwa zimeshapata moto. Gia zilizochoka hukubali asubuhi na kugoma mchana.

Tano, matairi. Ya msituni yana nguvu ya pekee ili visiki visiyatoboe, na hayapatikani kwa kila muuza spea. Bei ya matairi manne inaweza kukufanya ukae chini. Ulizia kabla, siyo baada.

Sita, angalia banda la dereva. Likiwa limekatwa paa au wavu wake wa nyuma haupo, acha. Waya ukikatika unarudi kama mjeledi wa shetani, na tawi likidondoka halichagui kichwa cha nani.

Saba, karatasi. Kama inatoka nje, waulize TRA na TBS kabla hujatuma hata senti. Na magogo yenyewe lazima yawe na kibali cha kuvuna, yagongwe nyundo, yapate hati ya kusafirisha. Sheria ya Misitu ni ya mwaka 2002, siyo ya jana, na anayekuambia "nitakufanyia mpango" anakufanyia mpango wa lupango.

Sasa mbadala. Kwa kijana wa Bariadi mwenye magogo machache ya mikaratusi, trekta la kawaida la shamba, hata kuukuu, linamzidi skida akili. Massey Ferguson kila fundi analifahamu, na spea zake hazikupeleki Kanada. Msimu wa pamba linalima, baada ya mavuno linasomba, katikati linavuta magogo. Skida hailimi, ndugu yangu! Ila hapa kuna kifo, sikiliza vizuri: gogo lifungwe chini, kwenye ndoano ya kuvutia. Ukilifunga juu ya ekseli, gogo likikwama kwenye kisiki trekta linanyanyua pua na kukuangukia mgongoni. Halikupi muda wa kusema mama.

Na kama hata trekta hakuna, zizini una injini isiyotumia dizeli. Maksai! Wanavuta plau kwenye mbuga nyeusi kila mwaka, gogo litawashinda vipi? Kule Malawi ng'ombe wamevuta magogo kwenye mashamba ya miti, na kazi ya namna hiyo imefanywa hata hapa nchini. Hesabu yake siyo ngumu. Ng'ombe akivuta kwa muda mrefu bila kuumia, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi yenye jumla ya kilo 600 inatoa kama kilo 60. Gogo linaloburuzwa juu ya ardhi hutaka nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake, kwa hiyo gogo la kilo 120 hivi ndiyo saizi yao ya kutwa. Liinue kichwa kwa kakigari kadogo ka magurudumu mawili, watavuta kubwa zaidi. Kata mafupi, safari ziwe nyingi. Fundi mbao wa mtaani naye hahitaji gogo la meli.

Mpwa wangu alipoambiwa haya hakufurahi. Alitaka tumpigie makofi. Kikao cha familia kikakaa, na uamuzi wa dada yangu ukawa huu: ng'ombe sita wa mahari hawaguswi, hata ije skida ya dhahabu. Kijana atauza wawili. Hela hiyo imtoshe nauli, chakula na fundi wa kwenda naye Mafinga, akae mwezi mzima akifanya kibarua cha kufunga minyororo nyuma ya skida ya mtu mwingine. Achafuke. Ahesabu mwenyewe siku za kazi na siku za kuharibika. Akirudi na daftari, wazungumze upya.

Kaondoka wiki iliyopita, kanuna. Yule dalali naye kaendelea kupiga simu, bei inashuka kila siku. Bidhaa inayojishusha bei usiku na mchana, wewe unafikiri mwenyewe anaikimbia kwa nini?

Kwa hiyo wewe unayefumba macho ukiota benki yenye magurudumu, kabla hujafungua geti la zizi, mwangalie ng'ombe usoni. Muulize kama anakubali kuwa chuma. Akikujibu ndiyo, niandikie.

 Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye mapenzi. Nayo yana ukarabati wake!