KITABU KILICHOFUNGIWA KABATINI HAKISOMESHI

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa visiwani humu kwamba elimu ni bila ya malipo. Mlango wa skuli ukawa wazi kwa mtoto wa Mji Mkongwe na kwa mtoto wa shamba. Lakini kumwingiza mtoto mlangoni ni jambo moja, na kumfanya awe msomaji ni jambo jengine. Hili la pili bado ni deni letu.

Mwandishi wa mistari hii, alipokuwa chuo cha ualimu, alipelekwa skuli moja kufanya mazoezi ya kufundisha, akapewa kipindi cha kusoma kimya. Aligawa vitabu kama agawaye karata, kisha akakaa mezani kusahihisha madaftari. Kwa muda wa dakika 20 hapakusikika hata kikohozi, naye akajisifu. Alipomwita mtoto mmoja, mtoto alisoma ukurasa mzima bila ya kukwama. Akaulizwa: "Jee, kinasema nini?" Akainamisha kichwa. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mtoto hakufahamu hata sentensi moja. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa la mwalimu, aliyedhani kimya ndiyo kusoma.

Wala kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 2000 jopo la wataalamu nchini Marekani lilitoa ripoti kwamba halikupata ushahidi wa kutosha kuwa kuwaachia watoto wasome kimya, bila ya kuongozwa, kunawazidishia ufasaha. Halikusema kusoma ni kazi bure. Lilisema kuwa wakati pekee hautoshi.

Basi nini kifanywe? Kwanza, mtoto achague kitabu mwenyewe. Pili, kiwe kwa lugha anayoifahamu na kwa kiasi chake. Akikwama kila mstari, abadilishe bila ya kuona haya. Tatu, mwalimu naye ashike kitabu asome, maana mtoto hufuata alionalo kuliko aambiwalo. Kisha apite kwa mtoto mmoja mmoja, wawili watatu kila siku, aulize kwa sauti ndogo: nani huyu, amefanya nini, kwa nini? Nne, dakika 5 za mwisho kila mtoto amhadithie jirani yake aliyoyasoma. Asiyefahamu atajulikana hapo, na asaidiwe, asipigwe.

Tutaambiwa: madarasa yamejaa, skuli ina mikondo miwili, mitihani inakaribia. Ni kweli. Lakini mtoto asiyefahamu anachokisoma ataufahamu vipi mtihani? Tutaambiwa tena kwamba vitabu ni vichache. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana inauma kuona hata hivyo vichache vimefungiwa kabatini kwa kuogopwa kuchakaa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kimetuibia.

Tukumbuke sisi ni nani. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hapa ndipo alipotoka Mohamed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa, na Adam Shafi, aliyeandika Kuli. Hapa ndipo alipozaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na kitabu chake kimoja sasa kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Jee, si aibu mtoto wa nchi hii kumaliza skuli hajapata kusoma hadithi moja kwa hiari yake?

Wanachama, hili halimngojei mkubwa yeyote. Kila tawi liende kwenye skuli ya mtaa wake, lizungumze na mwalimu mkuu kwa adabu, liulize kabati lina nini na ufunguo anao nani. Mwenye kitabu cha hadithi nyumbani alichokwisha kukisoma, akitoe. Na jioni barazani, mzee asiyeona vizuri amwambie mjukuu wake: nisomee, mwanangu, kisha nieleze.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na dakika 15 kwa siku, lakini ziwe za kusoma kweli.