Ushahidi Ulio Katika Kinyesi

Wako watu ambao hucheka waambiwapo kwamba msomi wa chuo kikuu ameinama porini kuokota mavi ya mnyama, akayatia katika mfuko, akaandika juu yake tarehe na mahali, kisha akayachukua kwa uangalifu kama mtu aliyeokota lulu. Husema kuwa elimu imepotea njia. Mimi nasema kuwa kicheko chao ndicho kilichopotea, nami nakuomba, msomaji, upime hoja zangu kabla hujacheka pamoja nao.

Kusini ya Australia kiko kisiwa kiitwacho Tasmania. Huko huishi mnyama mweusi, kimo chake kama mbwa mdogo, ambaye hulea watoto wake katika mfuko wa tumboni kama afanyavyo kangaruu. Lakini kangaruu hula majani, na huyu hula nyama. Walowezi wa Kiingereza waliposikia ukelele wake wa kutisha usiku walimwita shetani. Jina hilo lilikuwa hukumu tosha. Ilisemwa kuwa anamaliza kondoo, na kwa kuwa lisemwalo lipo, alitegwa na kulishwa sumu miaka mingi, mpaka sheria ilipomlinda mwaka 1941.

Huyo alipona. Jamaa yake hakupona. Kisiwani humo alikuwako mnyama mwingine wa mfuko mla nyama, mfano wa mbwa mwenye milia mgongoni, aitwaye thailasini. Naye alishtakiwa kwa kosa lile lile. Tangu mwaka 1888 hata 1909 serikali ililipa paundi moja kwa kila mkubwa aliyeuawa, na malipo yalipita 2,000. Sheria ya kumlinda ilitoka tarehe 10 Julai 1936. Wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. Siku 59 tu! Mwaka 2011 wataalamu waliopima nguvu ya taya zake kwa kutumia fuvu walifikia rai kwamba hakuwa na nguvu ya kuua kondoo mkubwa. Majuto ni mjukuu. Leo hakuna thailasini hata mmoja wa kutuachia kinyesi tukakihoji.

Shetani wa Tasmania tunaweza kumhoji. Hula mzoga pamoja na ngozi, manyoya na mifupa, na tumbo lake haliwezi kusaga unywele ukaisha. Basi kinyesi chake hukaushwa kwa moto ili vijidudu vife, huoshwa katika chekeche, na hubaki nywele, meno, kucha na vipande vya mifupa. Unywele huwekwa chini ya hadubini. Magamba yaliyo juu yake na umbo lake ukatwapo hutofautiana kwa kila aina ya mnyama, na mchunguzi huulinganisha na nywele za wanyama anaowajua. Mwaka 1974 kilipigwa chapa mjini Melbourne kitabu kizima cha kazi hiyo ya kutambua nywele. Ushahidi wasemaje? Wasema kuwa mnyama huyu hula sana walabi, ambao ni kangaruu wadogo, na posamu wapandao miti, na wombati wachimbao mashimo. Kondoo wamo pia, lakini si yeye aishiye kwa kondoo peke yao.

Mpinzani atasema, “Unywele wa kondoo hauonyeshi kama aliuawa au aliokotwa amekwisha kufa.” Kweli, hauonyeshi; na mchunguzi mwaminifu ndiye wa kwanza kusema hivyo. Lakini shahidi ajuaye mpaka wa ujuzi wake ni bora kuliko mia wasemao wasichokiona. Atasema tena kuwa kazi hii ni chafu. Mikono huoshwa kwa sabuni, dhuluma haioshwi. Zaidi ya hayo, uchunguzi huu hauhitaji mnyama auawe na kupasuliwa tumbo, hata kutegwa hauhitaji. Hilo si jambo dogo kwa kiumbe ambaye, tangu saratani ya kuambukiza ya uso ilipoonekana mwaka 1996, idadi yake imepungua mno.

Usidhani kuwa jambo hili ni la ng'ambo tu. Kwetu yuko fisi, ambaye jina lake limekuwa tusi la ulafi. Akipotea mbuzi mmoja, fisi amekwisha hukumiwa kabla ya jua kuchomoza. Hata hivyo kinyesi chake kilicho cheupe kwa wingi wa mifupa kimelala njiani, na ndani yake mna nywele, ama za mbuzi, ama za swala. Huenda fisi ana hatia. Na aonekane kuwa nayo kwa ushahidi, wala si kwa sura yake mbaya na kicheko chake cha usiku.

Kijana usomaye, siku moja utakuwa mzee wa baraza, au mwalimu, au hakimu. Utaletewa mashtaka ya wanyama na ya watu. Jiulize daima: ni nani aliyeinama chini akatazama? Kama hakuna, inama wewe. Ukweli haukuahidi kuwa utakaa mahali penye harufu nzuri.