Chombo cha Kasiksi
Mwajua ya kuwa kasiksi, yaani maji ya ndizi mbivu na unga wa mtama, tangu zamani huchachukia katika mtumbwi wa mti. Siku hizi wengi hununua pipa. Twawasihi: pipa lililochukua mafuta au dawa za shamba lisitiwe pombe kamwe, hata likioshwa mara kumi. Bati lenye zinki nalo halifai, kwani uchachu wa pombe huila zinki, na wanywaji hutapika. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini chadumu. Msikipime kwa sumaku tu. Viko vya namna hiyo vinavyovutwa nayo. Tazameni maungio: penye ufa, mwachieni muuzaji chombo chake. Mwenye fedha chache abaki na mtumbwi wake, ausugue vema kwa maji ya moto.