Safari ya Meli ya Familia: Kaeni Kikao Kabla ya Kwenda Kupima Korona



Mwaka 2022 harusi za kabla ya Ramadhani zilipamba moto, na maswali mliyoniletea yalibadilika. Zamani mliniuliza fungate iwe wapi, Nungwi au Dubai. Mwaka huo wengi wenu, hasa mlioolewa Marekani au mliokaribia kwenda huko, mliniuliza habari za meli za kitalii. Bwana harusi na watu wake wamelipia vyumba vinne kwenye meli inayotoka Miami, mavyaa yumo, mawifi na watoto wao wamo, na mama mzazi anaitwa kutoka Unguja naye akapunge upepo. MashaAllah, ni jambo zuri. Na wakati ule kila mmoja wao ilimlazimu apime korona kabla ya kupanda.

Mliniuliza mkapime wapi na lini, nami nitawaeleza ilivyokuwa. Lakini kuna jambo linalotangulia, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya pua ya mtu yeyote kuguswa na kijiti, familia ikae kikao na iulizane: mmoja wetu akikutwa nayo, nani atabaki naye na nani atakwenda? Jibu lipatikane wakati hakuna mgonjwa na hakuna mwenye hasira. Familia ikishindwa kujibu, basi mimi naona haijawa tayari kwa safari, hata kama hela zimeshalipwa.

Shoga yangu mmoja aliolewa Ohio, na wiki tatu baada ya harusi alisafiri na ukoo mzima wa mumewe mpaka Florida kupanda meli Port Canaveral. Watu kumi na moja. Mpangaji alikuwa yeye, maana ni hodari wa kompyuta na mgeni wa nyumba, na mgeni wa nyumba hukabidhiwa kila kitu. Walipima siku moja kabla, wapo hotelini tayari. Kumi wakatoka salama. Wifi yake mdogo, msichana wa miaka kumi na sita, akakutwa nayo. Saa mbili nzima watu walibishana ukumbini mbele ya wafanyakazi wa hoteli. Mama anasema hawezi kumuacha mwanawe lakini pia hajawahi kupanda meli maishani. Baba anasema pesa. Mwishowe mtu mmoja akasema, "Si abaki aliyepanga?" Na ndivyo ilivyokuwa. Bibi harusi wa wiki tatu alibaki Orlando na wifi mgonjwa, na mume akapanda meli kumshika mama yake mkono. Yeye mwenyewe hajalalamika mpaka leo. Ninayelalamika ni mimi.

Hapakuwa na mtu mwovu katika kisa hiki. Waliamua wakiwa wamechoka, meli inaondoka kesho, na watu wakiamua namna hiyo mzigo humwangukia asiyeweza kusema hapana. Katika familia zetu tunamjua ni nani huyo. Kikao cha mapema kingempa hata yeye nafasi ya kusema, na kingempa mume nafasi ya kufikiri kama mume.

Sasa nije kwenye hesabu ya siku. Mwanzoni mwa 2022 meli nyingi zilizotoka bandari za Marekani zilitaka kwa aliyechanjwa kipimo kilichochukuliwa ndani ya siku mbili kabla ya siku ya kupanda. Zilihesabiwa siku, si saa. Meli ikiondoka Jumamosi, ulipima Alhamisi au Ijumaa. Ukipima Jumatano usiku ukadhani ni sawa tu, ulirudishwa. Kipimo cha haraka kilikubalika na majibu yake ni dakika kumi na tano hivi. Cha PCR nacho kilikubalika, lakini majibu yake yaliweza kuchukua siku mbili au tatu, hapo ungekuwa umesimama bandarini na simu mkononi ukisubiri ujumbe. Kwa mtu mzima aliyechanjwa nilichagua cha haraka bila kusita. Watoto ambao hawakuchanjwa walikuwa na masharti yao, na baadhi ya kampuni ziliwataka wapimwe PCR tu, basi niliwaambia msome ukurasa wa meli yenu kwa jina la kila mtoto.

Halafu kulikuwa na vile vipimo vya bure ambavyo serikali ya Marekani ilianza kuvituma majumbani kwa posta mwezi Januari 2022. Wengi mlikuwa navyo kabatini. Vilikuwa vizuri kwa kujijua, lakini meli haikuvikubali ukijipima peke yako, kwa sababu hakuna aliyekuona. Vilivyokubalika vya nyumbani vilikuwa vile ulivyojipima huku msimamizi anakuangalia kwa video kisha anakutumia cheti. Dada zangu mnaovaa nikabu, msimamizi huyo alitaka kuuona uso wako na kitambulisho chako, na alitaka kuona kijiti kinaingia puani. Uliweza kuomba mwanamke, ila hukuahidiwa. Ikikutia unyonge, ulikwenda duka la dawa lenye dirisha la kupimia watu wakiwa ndani ya gari. Hapo mara nyingi ulijipima mwenyewe mbele ya mfamasia na kilichofunuliwa ni pua tu. Miadi iliwekwa wiki nzima kabla, maana nafasi za Alhamisi na Ijumaa ziliisha, na za watu wote ziliombwa siku moja.

Jambo la majina limewaliza wengi. Cheti cha kipimo kilitakiwa kifanane na pasipoti. Sisi hatuchukui majina ya waume, alhamdulillah, lakini mume akikujazia fomu kwa haraka alikuandika kwa jina la ukoo wake, na cheti kilikuja na jina la mtu asiyekuwepo duniani. Majina yetu matatu pia huwachanganya, jina la babu likaachwa au likageuka la kwanza. Na tarehe ya kuzaliwa Wamarekani huanza na mwezi. Mama aliyezaliwa tarehe 4 mwezi wa 9, ukimwandika kwa mazoea yetu, atakuwa amezaliwa Aprili. Jaza mwenyewe, pasipoti iko mezani. Na yule bibi ambaye nyumbani anaitwa Ma Mkubwa mpaka wajukuu hawajui jina lake, mwulizeni.

Aliyetoka Unguja alikuwa na mtihani zaidi. Kwa sheria ya mwanzoni mwa 2022, aliyeingia Marekani kwa ndege alitakiwa awe na kipimo cha siku moja tu kabla ya safari, na asiyekuwa raia alitakiwa pia awe amemaliza chanjo. Siku ile ilihesabiwa kutoka ndege ya kwanza ikiwa tiketi yote ni moja. Kwa hiyo mama alipima kwa ajili ya ndege, akafika, akapumzika, kisha akapima tena kwa ajili ya meli. Cheti cha ndege hakikumfaa bandarini labda afike na kupanda ndani ya siku zilezile, jambo ambalo simshauri mtu mzima mwenye miguu inayovimba. Afike siku nne tano kabla.

Na kama kulikuwa na aliyeugua korona miezi miwili nyuma akapona, hakufaa kupelekwa kupima kwa pupa. PCR inaweza kuendelea kusoma mabaki ya ugonjwa kwa wiki nyingi wakati mtu ni mzima. Kampuni kadhaa zilimkubali aliyepona ndani ya siku 90 akiwa na majibu yake ya zamani na barua ya daktari. Barua hiyo ilitakiwa itafutwe mapema. Daktari hapatikani Ijumaa jioni.

Waliopanga kuondoka Idi mosi au pili walikumbushwa kwamba siku za kupima zingeangukia mwisho wa Ramadhani. Kijiti cha pua hakiwekwi dawa wala chakula, na wanazuoni wengi wamesema hakifunguzi. Mwenye wasiwasi apime baada ya futari ikiwa duka liko wazi.

Sasa lile zito. Kuna ninaowasikia wakisema, "Mimi nitanywa panadoli, kikohozi kitatulia, Mungu atasitiri." Dada yangu, sitara si hiyo. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Kabla mambo hayajaisha zaidi ya 700 walikuwa wameambukizwa, na wengine walifariki. Ndani ya meli watu wanakula pamoja, wanapanda lifti moja, wanashika ngazi zilezile. Chanjo zimepunguza sana madhara, lakini hazijaiondoa hatari. Tarehe 30 Disemba 2021 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kiliwataka watu waepuke safari za meli hata kama wamechanjwa. Walilegeza Februari 2022. Kwenye chumba cha jirani kuna bibi wa mtu mwenye sukari. Chumba cha tatu ni mavyaa wako mwenyewe.

Dini yetu haikutuacha gizani hapa. Mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni tumeyasoma tangu chuoni: aliyeko kwenye ugonjwa asitoke, aliye nje asiingie. Mtu anayetawakal huku anaficha homa yake ili asikose picha za sitaha, hajamtegemea Mungu, amewategemea wenzake wasimgundue. Na mara nyingi hagunduliwi bandarini, hugunduliwa siku ya tatu baharini, akafungiwa chumbani peke yake na wote aliolala nao wakafungiwa.

Ninaelewa kwa nini watu huficha. Wanaogopa kuonekana mkosi. Bibi harusi mgeni ndiye anaogopa zaidi, maana akikutwa yeye, wapo watakaosema ameingia nyumbani na nuksi. Ndiyo maana kikao kile narudia kukidai, na kiwepo kabla. Mkubwa wa familia atamke mbele ya wote kwamba atakayekutwa hana kosa, na kwamba hakuna atakayemsema. Nimeona neno hilo moja likitoka kwa baba mkwe linavyofungua vifua vya watu. Msichana anakuja mwenyewe kusema koo linamkereketa, wiki moja kabla, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha tarehe.

Kwenye kikao hicho msiache habari ya pesa. Ulizeni kampuni, kwa maandishi, mtu akikutwa nayo anarudishiwa au anapewa safari nyingine, na wanaolala naye chumba kimoja wanahesabiwaje. Kampuni nyingi zilikuwa na huruma katika hili safari zilipoanza tena mwaka 2021. Ndege na hoteli ni habari nyingine, hapo bima ya safari ndiyo inasaidia, na isomwe kama inataja korona. Mkijua mapema kwamba chumba cha mgonjwa hakipotei bure, nusu ya ugomvi imekwisha.

Nani abaki? Kila familia na hali yake, lakini mimi nina maoni yangu. Mtoto anabaki na mmoja wa wazazi wake, si na shangazi wala mke wa kaka. Mume na mke wa fungate hawatenganishwi: akibaki mmoja wanabaki wawili. Najua mavyaa wengine watanuna, na wengine ni wasomaji wangu, mnisamehe. Mama anayetaka kushikwa mkono ana watoto wengine, na kama hana, basi ajue kabla ya kulipa kwamba huenda akapanda na dada yake badala ya mwanawe.

Na mama wa bibi harusi, aliyetoka Unguja asiyejua Kiingereza wala kuendesha gari, huyo msimwache hotelini Florida na namba ya simu. Akikutwa nayo, bintiye anabaki na mkwe anabaki. Atakaa peke yake chumbani, nanyi mtakuwa chumba cha pili mkimwekea uji mlangoni. Mwulize mumeo leo, kabla hujamkatia mama tiketi, kama yuko tayari kuikosa meli kwa ajili ya mama yako. Akisema yuko tayari, kata tiketi. Akianza kukwepa, mama asubiri aje baada ya Idi, kwa matembezi ya nyumbani yasiyo na bandari.